Beetle imegoma kustati? Usikimbilie kununua rilei, pima kwanza

Kama hujawahi kugomewa na gari ndani ya feri ya Likoni hapa Mombasa basi mshukuru Mungu wako. Feri ishafika ng'ambo, lango lishashuka, watu wa miguu washatoka mbio kama kawaida yao, malori na tuktuk nyuma zaanza kupiga honi, na wewe wapinda ufunguo yasikika tik moja alafu kimya. Wapinda tena, tik. Mimi yalinikuta saa nane mchana na Beetle yangu ya 1971 (ile Volkswagen ya mgongo wa kobe), hamali wawili wakaacha mkokoteni wao wakanisukuma kile kilima cha Likoni mpaka nikatamani ardhi inimeze, na cha kuuma zaidi ni kwamba ile rilei ya stata (stata ni ile mota inayozungusha injini iwake) nilikua nimeinunua mpya wiki hio hio. Ilikua ya tatu.

Kumbe rilei haikua na kosa lolote. Kosa lilikua chini ya gari, ntalifikia. Lakini toka siku hio nimejifunza kupima kabla ya kununua, na kwa vile kila siku kuna mtu aniuliza nimeona bora niandike mara moja nimalize.

Tuanze na rilei yenyewe manake wengi waichanganya na solinoidi. Beetle ilipotoka kiwandani haikua na rilei ya stata hata kidogo. Betri iko chini ya kiti cha nyuma, stata iko nyuma kwenye gia boksi, lakini umeme wa kuamsha stata lazima uende mpaka mbele kwenye swichi ya ufunguo alafu urudi tena nyuma mpaka kwenye solinoidi, ile kopo ndogo iliyobebwa mgongoni na stata ambayo ndio huiwasha. Hio ni safari ya mita kadhaa na viungo vya waya vya miaka hamsini. Sasa solinoidi ikitaka kuvuta inataka amp 30 na kitu, na waya wa shaba ukipata joto unazidi kuwa mgumu kupitisha umeme, joto likipanda digrii 50 ule ugumu unaongezeka kama asilimia 20 hivi. Ndio maana asubuhi gari yastati vizuri kabisa, ukitoka Mtwapa na jua na foleni ya Nyali ukazima kidogo tu, haitaki. Volti 12 zimetoka kwenye betri, kwenye solinoidi zimefika 8.

Watu wakaona dawa ni kutia rilei hapo katikati. Rilei ni tarishi tu. Swichi ya ufunguo inampa kibarua kidogo, umeme usiofika hata robo amp, na yeye anafungua njia fupi nene kutoka betri moja kwa moja mpaka solinoidi. Ukiigeuza chini utaona namba nne, karibu zote za mtindo wa Bosch ziko hivi: 30 ndio umeme wa betri unaingia, 87 ndio unatoka kwenda taminali 50 ya solinoidi, 86 ndio ule waya unaotoka kwenye swichi, na 85 ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi. Shika hizo namba nne kichwani, kazi yote iliobaki ni hizo.

(Wenye Land Rover Series na Mini za zamani: kile kidude kilichofungwa mbali na stata chenye waya mnene wa betri sio rilei ya namna hii, ni solinoidi yenyewe, inabeba umeme wote wa stata, amp mia na zaidi. Kupima kwafanana lakini msije mkaweka rilei ndogo ya amp 40 mahali pake. Itayeyuka mbele ya macho yako.)

Kabla hujagusa kitu

Gia iwe fri, handibreki juu, na utie jiwe nyuma ya tairi. Nasema hivi sababu Beetle ya gia za mkono haina kitu cha kukuzuia kupiga stata ikiwa ndani ya gia, na nishaona mtu amelala chini ya gari akaunganisha solinoidi na bisibisi, gari ikamrukia. Alipona, alhamdulilahi, lakini mkono ulikaa kwenye plasta miezi.

Vua pete na saa ya chuma. Na hili la kiti cha nyuma naomba ulisome mara mbili: chini ya kile kiti kuna springi za chuma, na betri iko hapo chini yake. Kama kile kifuniko cha betri kimepotea (na kwenye nyingi kimepotea siku nyingi) mtu mzito akikaa nyuma springi zinashuka zinagusa taminali, zinapata moto mwekundu, na ile pamba ya kiti ni nyuzi kavu kama makumbi ya nazi, wajua vile makumbi yanavyoshika moto. Beetle nyingi zimeungua hivyo. Kata hata kipande cha mpira mzito ama raba ya tairi uweke juu ya betri, leo, kabla ya mambo ya rilei.

Alafu vifaa. Mita ya kupimia umeme, zile za bei rahisi zatosha. Taa ya testa. Spana namba 10 na 13, msasa laini, brashi ya waya, kipande cha waya mnene urefu wa mkono, na mtu wa kukupindia ufunguo. Huyu wa kupinda ufunguo ndie kifaa muhimu kuliko vyote, mimi namtumia mwanangu na nishamfunza neno moja tu, "piga" na yeye apiga, nikinyamaza aachia.

Sikiliza kwanza

Hapa ndio watu wapoteza pesa. Gari inakuambia yenyewe shida iko wapi, wewe tu huna masikio. Fungua kiti cha nyuma, weka kidole juu ya rilei, mwambie mtu apige.

Ukisikia kimya kabisa na kidole hakijahisi kitu, rilei haikupata kibarua kutoka kwa swichi, ama haina athi, ama koili yake ndani (ule waya mwembamba uliozungushwa) imekatika.

Ukisikia tik nyepesi kwenye kidole na huko chini stata haijajibu, rilei imepata kibarua na imejaribu. Sasa ni mdomo wake wa ndani (pale vyuma viwili vinapogusana kupitisha umeme) umeungua, ama umeme haufiki 30, ama solinoidi imekufa ama imekosa athi.

Ukisikia TAK nzito kutoka chini ya gari lakini injini haizunguki, wacha rilei kabisa. Ile sauti nzito ni solinoidi yenyewe, maana yake rilei imeshamaliza kazi yake. Ni hii ndio nilikua nayo mimi mara nyingine na sikujua tofauti ya tik na tak, nanunua rilei tu.

Ukisikia ta-ta-ta-ta-ta kama cherehani, mara tisa kwa kumi ni betri imelala ama taminali zina kutu. Rilei inashika, stata inavuta umeme wote, volti zaanguka, rilei inaachia, volti zarudi, inashika tena. Tarishi akimbia kwenda na kurudi, ofisini hakuna kitu.

Na ukiachia ufunguo stata ikaendelea kuzunguka yenyewe, hio ni dharura, ruka chini kabisa nimeiandikia pake.

Betri, usibishane nami

Najua umeshasema betri ni mpya. Pima. Gari imezimwa, imekaa kidogo, betri ya volti 12 iliojaa inasoma 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 iko nusu, ichaji kwanza ndio urudi kusoma hapa. Alafu toa ule waya wa taminali 15 kwenye koili ya injini (ile ya kutoa cheche za plagi, sio ya rilei) gari isiwake, mwambie mtu apige stata huku mita iko kwenye betri. Isishuke chini ya 9.6. Ikishuka mpaka 7 au 6 betri imekufa ndani hata kama bila mzigo inasoma vizuri. Usipige stata zaidi ya sekunde kumi mfululizo, ipumzishe nusu dakika, yapata moto sana ile.

Kama Beetle yako ni ya kabla ya 1967 angalia kama bado ni ya volti 6. Hesabu vifuniko juu ya betri, vitatu ni volti 6, sita ni volti 12. Rilei ya volti 12 kwenye gari ya volti 6 haitashtuka hata ukiisomea dua.

Sasa hapo hapo kwenye betri, mita weka mguu mmoja kwenye ile nguzo ya risasi ya betri na mwengine kwenye klampu iliyoishika, piga stata. Inafaa isome karibu na sufuri. Yangu ilisoma volti moja na kitu, yaani klampu imeshika kwa macho tu. Hapa Mombasa hii ni kawaida, hewa ya bahari inapanda kila mahali, ule unga wa kijani na mweupe ukiuona kwenye taminali ujue umeme wapita kwa shida. Toa, mimina maji ya moto, piga brashi mpaka chuma king'ae, kaza, ndio upake vaselini juu. Kaza kwanza, vaselini baadae, fundi mmoja alinipakia ndani kabla ya kukaza tena kwa wingi kama apaka mkate siagi.

Athi ya gia boksi (aliyenisukumisha kwenye feri ni huyu)

Stata imefungwa kwenye gia boksi. Gia boksi na injini zimekaa juu ya mipira. Mpira haupitishi umeme. Kwa hivyo VW waliweka mkanda wa waya uliosukwa, bapa, kutoka kichwa cha gia boksi upande wa mbele mpaka kwenye bodi, na umeme wote wa stata wapitia hapo kurudi betri. Wote. Sasa huo mkanda uko chini, unapigwa na maji ya barabara kila mvua ya mwaka ikinyesha, wajua barabara zetu zinavyokua, na ukikaa karibu na bahari chumvi inamalizia. Wangu ukiuangalia kwa mbali ulikua mzima. Nilipouvuta kwa vidole ulikatika kama mkate wa jana.

Kuupima bila kulala chini sana: mguu mmoja wa mita kwenye nguzo hasi ya betri, mwengine uguse chuma safi cha mwili wa stata ama gia boksi, piga. Ikizidi nusu volti, athi ni mbovu. Kama huna mita chukua waya wa jampa, unganisha hasi ya betri na gia boksi moja kwa moja, ukipiga stata ikazunguka kama gari mpya basi umeshapata mwizi wako na hukuhitaji rilei.

Sasa ndio rilei

Betri nzuri, athi nzuri, bado yagoma. Haya, tuingie kwenye namba zetu nne. Usiitoe rilei kwenye soketi, pima kwa nyuma ya waya.

Anza na 30. Mita kwenye 30 na athi, ufunguo umezimwa. Lazima usome volti za betri muda wote. Ikisoma sufuri angalia fyuzi ya huo waya, na kama hakuna fyuzi aliyekufungia alikua na haraka, tia moja ya amp 30 karibu na betri.

Alafu 86. Mwambie mtu apige. Ikitokea volti 12, 11, hata 9, ni sawa, sababu rilei nyingi za volti 12 zashtuka kwenye volti 8 hivi, na ndio uzuri wake. Ikisoma sufuri shida iko mbele, swichi ya ufunguo ama ule waya mrefu. Kabla ya kununua swichi tikisa plagi iliyo nyuma yake huku mtu anapiga, mara nyingi ni pini moja imelegea. Gari za gia za otomatiki kama zile Mercedes W123 hapa jaribu pia kusogeza gia kati ya P na N, zina swichi yao inayokata umeme kama gia haijakaa sawa.

Alafu 85, mtu akiwa apiga. Hapa wataka sufuri. Ukipata volti 12 kwenye 85 maana yake koili imepitisha umeme lakini umekosa pa kutokea, athi ya rilei imekatika, ni ule waya mweusi mdogo uliofungwa na skrubu kwenye bodi yenye rangi na kutu. Kwaruza rangi, funga tena.

86 ina umeme, 85 ina athi, na kidole hakihisi tik? Toa rilei, mita weka kwenye omu (kipimo cha ule ugumu wa waya), pima kati ya 85 na 86. Rilei nzima ya volti 12 itasoma kama 70 mpaka 100. Ikionyesha umeme haupiti kabisa, koili imekatika, kanunue.

Na kama tik yasikika, pima mdomo: mguu mmoja wa mita kwenye 30 mwengine kwenye 87, mtu apige. Mdomo mzuri husoma karibu na sufuri, robo volti nakubali. Ukisoma volti mbili, tatu, ama zote 12, mdomo umeungua. Hii ndio ile rilei inayodanganya watu, sababu yatoa sauti, fundi asikia tik asema "rilei nzima hii" waifungua stata bure.

Kuna njia ya mkato kwa mtu asie na mita. Gia fri, ufunguo umezimwa, toa rilei kwenye soketi, chukua kile kipande cha waya mnene ugusishe tundu la 30 na la 87 sekunde moja. Kutatoka cheche ndogo, usiogope, ila usiwe na mvuke wa petroli hapo. Stata ikizunguka, basi kuanzia soketi mpaka stata kuko salama na shida ni rilei ama upande wa ufunguo. Isipozunguka, rilei umeisingizia.

Stata imekwama haiachii

Ufunguo umeutoa mkononi na stata bado yalia. Usianze kufikiria, toa waya wa betri. Ndio maana mimi spana 10 na 13 zakaa chini ya kiti cha nyuma siku zote. Ukiiacha dakika mbili waya zaanza kutoa moshi na stata imekwisha.

Kinachotokea ni mdomo wa rilei umejichomelea wenyewe. Wengine wanaipiga na mpini wa bisibisi ikaachia wakaendelea na safari, mimi siwezi kulala na gari kama hio nje ya nyumba. Ikishakwama mara moja itupe. Na ujiulize kwanini ilikwama, kwa kawaida ni rilei ya amp ndogo imewekwa, ama betri dhaifu ilioifanya itetemeke ta-ta-ta siku nyingi, ule mtetemeko ndio unaounguza mdomo.

Kama ukitoa rilei kwenye soketi na ukirudisha waya wa betri stata yaendelea kuzunguka, hapo ni solinoidi ndio imekwama.

Kufunga mpya

Waweza kufungua ile kofia ya plastiki na kupiga msasa mdomo, nimefanya, ikanifikisha nyumbani kutoka Kilifi. Lakini rilei mpya bei yake haizidi sahani ya biriani, nunua mbili moja ikae kwenye gari. Chukua ya amp 40 kwenda juu. Ipime dukani, isogeze karibu na sikio uitikise, ikicheza ndani kama njugu rudisha.

Usiifunge huko chini karibu na stata hata kama waya utakua mfupi, maji na joto la ekzosi vitaimaliza. Mimi nimeiweka chini ya kiti cha nyuma, upande wa mbali na betri sababu mvuke wa asidi nao unakula shaba, na miguu ya rilei yaangalia chini ili unyevu udondoke usikae kwenye soketi. Waya wa 30 na 87 uwe mnene, milimita mraba 4 kwenda juu, 85 na 86 hata waya mwembamba watosha. Kila kilemba cha waya (kile kichwa cha chuma cha kuchomekea) kibane kwa koleo lake, usizungushe kwa mkono ukaviringisha selotepu, kwa hewa yetu haifiki mwaka.

Alafu jaribu kwenye joto, sio asubuhi. Zungusha gari nusu saa, nenda mpaka Laitihauzi pale ufukweni ule mihogo yako, zima dakika kumi na tano joto lipande vizuri kwenye stata, ndio upige. Ikishika hapo itashika popote. Na asiniambie mtu eti gari hizi zilikua hivi toka zamani, Beetle ndio ilioshinda mashindano ya magari ya Safari Rally 1954, 1957 na 1962, walipita tope na milima na zilikua zikistati.

Ikiwa rilei ni mpya, athi mpya, betri nzima, solinoidi yasema TAK na injini bado yakokota kwa uvivu, hapo ni kushusha stata yenyewe uangalie brashi za kaboni. Na ukishaishusha tia kidole kwenye lile tundu la gia boksi inapoingia shafti ya stata, kuna kibushi kidogo cha shaba humo ndani ambacho hakiji na stata, kikilika shafti inalala upande na hata stata mpya itakokota vile vile. Kibadilishe hapo hapo ukiwa ushajichafua.